Jinsi ya Kuichunguza Ciwara: Mwongozo Kamili, Kuanzia Chini Kwenda Juu

Katika maduka ya vinyago ya miji yetu mikubwa, kando ya vifaru wa mpingo na bakuli za mawe ya Kisii, mara nyingi utamkuta mnyama mmoja mwembamba, mweusi, mwenye pembe ndefu na shingo iliyotobolewa matundu. Ukimuuliza muuzaji atakwambia ni swala, ni wa kale, na kwamba amewahi kuchezwa ngomani huko Mali. Likiwa kweli moja kati ya hayo matatu, shukuru.

Jina lake ni ciwara, husomwa chiwara. Ni kazi ya Wabamana, ambao Wafaransa waliwazoesha watu kuwaita Wabambara, wakulima wa mtama, uwele na nafaka ndogo iitwayo fonio nchini Mali. Ukitafuta picha kwenye intaneti jaribu tahajia zote tatu, ciwara, chi wara na tyi wara, maana makumbusho hayajakubaliana. Wabamana husimulia kwamba kiumbe nusu mtu nusu mnyama ndiye aliyewafundisha watu kulima, akichimbua ardhi kwa kucha zake. Mavuno yakawa mengi hadi watu wakazembea, wakaanza kuchezea nafaka. Yeye akajichimbia ardhini, akatoweka. Wakamchonga ili wasimsahau.

Chama kilichobeba jina lake ni kimoja kati ya vyama vya mafunzo vya Wabamana, lakini hakifanani na vingine. Ngoma ya chama kiitwacho Komo, kwa mfano, mwanamke haruhusiwi kuiona. Ciwara ilichezwa mchana kweupe, shambani na uwanjani, wanawake wakiimba na watoto wakitazama. Kijana aliyewashinda wenzake kwa jembe aliitwa ciwara naye, na hapakuwa na sifa kubwa kuliko hiyo msimu wa kilimo.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeishika ciwara mkononi, au anayetaka kuinunua, au aliyeachiwa na mjomba aliyewahi kufanya kazi Afrika Magharibi. Kanuni yangu ni moja: anza chini. Wanunuzi wengi huanza na pembe, na wanaochonga kwa ajili ya kudanganya wanalijua hilo, kwa hiyo bidii yao yote huishia kwenye pembe.

Kabla ya kwenda dukani: zoeza jicho

Tumia jioni mbili tatu kutazama zile ambazo asili yake inajulikana. The Metropolitan Museum of Art ya New York, Art Institute of Chicago na Musée du quai Branly ya Paris wote wameweka picha zao mtandaoni, bure. Quai Branly waliwahi kufanya onyesho zima la ciwara mwaka 2006, na jozi ya Chicago, dume na jike wa kusimama, ndiyo ningekuambia uanze nayo. Ukifika Bamako, nenda Musée National du Mali kabla hujakanyaga soko lolote. Aliye Nairobi anaweza kupita kwenye Kenya National Archives katikati ya mji, kwenye mkusanyiko wa marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya na mpenzi mkubwa wa sanaa ya bara zima. Hata kama hukuja kwa ciwara, pale jicho linajifunza mbao iliyotumika inavyoonekana.

Picha za makumbusho zina kasoro moja: hupigwa ubavuni, kwa sababu ndiko kwenye uzuri. Upande wa chini hauonyeshwi. Huo itabidi uuone mwenyewe.

Vifaa vya kubeba ni vichache: tochi ndogo, lenzi ya kukuzia, futi ya fundi cherehani, pamba, karatasi nyeusi na simu yenye kamera.

Hatua ya 1: Igeuze juu chini

Omba ruhusa, ishike kwa kitako na shingo (usiishike kwa pembe, huvunjika), kisha ilaze juu ya kitambaa na uitazame chini.

Ili uelewe unachotafuta, lazima ujue ilivyovaliwa. Ciwara haifuniki uso. Ni mnyama wa mbao anayesimama utosini. Kitako chake hushonewa kwenye kofia ndogo iliyosukwa, umbo lake kama kikapu kidogo kilichopinduliwa, na kofia hiyo hufungwa kichwani kwa kamba. Kuanzia hapo kushuka chini mchezaji humezwa na vazi zito la nyuzi za mimea zilizotiwa weusi, uso wake nao ukifichwa. Huinama mgongo ukalala, akishika fimbo mbili fupi zinazokuwa miguu ya mbele, na katika hali hiyo hurukaruka na kuparua ardhi. Kwa maneno mengine, hicho ulichoshika ni kipande tu cha vazi. Kofia na nyuzi zimepotea kwa nyingi zilizoko makumbusho, kwa kuwa wakusanyaji wa zamani walitaka mbao na kuacha mengine.

Kwa hiyo kitako ndicho kiungo kati ya mbao na mtu, na kumbukumbu ya ngoma imebaki hapo. Angalia yafuatayo.

Kwanza, matundu. Kitako cha kuvaliwa kina matundu pembezoni, ya kupitishia uzi wa kushonea kofia. Mulika tochi ndani yake. Tundu lililotobolewa kwa chuma cha moto au kwa ncha ya kisu halina duara kamili, na kuta zake ni nyeusi au zimekwaruzika. La keekee ya umeme ni duara safi, na ndani utaona mbao changa, nyeupe au ya manjano, rangi ambayo sehemu nyingine ya kitu haina. Kisha weka lenzi ukingoni mwa tundu. Uzi unaovutwa msimu baada ya msimu hula mbao upande mmoja, ule ambao kamba ilikuwa ikivutwa kuelekea. Tundu hurefuka kidogo na ukingo hulainika kama mdomo wa mtungi. Matundu yaliyolika pande zote sawasawa yananitia shaka, maana kamba haivuti pande zote.

Pili, uso wa chini. Pale kofia ilipokuwa ikisugua, mbao huwa laini na hung'aa kwa giza, wakati pembe za ndani ambazo hazikuguswa hubaki na alama za tezo: vikato vifupi, bapa, vilivyofuatana bila mpangilio wa mashine. Ukiona mistari ya msumeno wa umeme, au uso uliopigwa msasa ukawa sawa kabisa, kitako hicho kilitengenezwa kisimame mezani.

Tatu, masalia. Uzi mmoja wa mmea uliokwama tunduni, kipande cha pamba iliyosokotwa, utando mgumu wa jasho na mafuta ya nywele. Usivitoe. Vina thamani kuliko pembe.

Nne, uzito. Inyanyue kwa mkono mmoja, halafu jifikirie umeibeba utosini, umeinama, na unaruka jua la alasiri. Mbao iliyochaguliwa kwa ngoma ilikuwa na sababu ya kuwa nyepesi. Ciwara nzito kama tofali ni pambo la sebuleni, hata iwe imechongwa vizuri namna gani.

Kitako kisicho na matundu kabisa kimejibu maswali yote. Unaweza bado kukipenda na kukinunua kwa bei ya pambo.

Hatua ya 2: Watambue wanyama

Nimesema wanyama kwa makusudi. Ciwara moja mara nyingi ina zaidi ya mnyama mmoja ndani yake, na neno "swala" analotumia muuzaji linaficha nusu ya kazi ya mchongaji.

Anza na pembe. Zilizopinda kwenda nyuma kwa upinde mkubwa, mara nyingi zimechorwa pete pete, ni za korongo, yule mnyama mkubwa mwenye nguvu za fahali. Pembe ndefu zilizonyooka kama mikuki miwili ni za choroa. Shuka kwenye mwili: ukiwa mfupi, umeinama karibu na ardhi, miguu imekunjwa na masikio ni marefu kupita kiasi, huyo ni muhanga. Mgongo uliojikunja kama upinde, wenye mikwaruzo inayofanana na magamba, ni wa kakakuona. Wengine huongezewa kinyonga.

Mchanganyiko huo una maana yake. Muhanga na kakakuona ni wachimbaji. Hupasua ardhi ngumu usiku kucha wakitafuta mchwa na siafu, na mkulima anayeamka alfajiri akakuta shimo jipya shambani anaelewa mara moja kwa nini mnyama huyo amewekwa chini ya korongo. Pembe zinazopanda juu husomwa kama mabua ya mtama yanavyopanda. Chini kuna kuchimba, juu kuna kuota.

Hatua ya 3: Dume au jike?

Ciwara huchezwa wawili, dume na jike. Hivyo ulichonacho, kama ni cha kweli, karibu hakika kilikuwa na mwenzake.

Katika mtindo wa kusimama, jike ni rahisi: amebeba ndama mgongoni, kama mama yeyote anavyobeba mtoto akienda shamba. Pembe zake huwa zimenyooka. Dume ana manyoya ya shingoni yaliyochongwa kama kimia, yenye mistari ya zigizaga na vipembetatu vilivyotobolewa, na mara nyingi uume umeonyeshwa bila aibu. Wataalamu waliozungumza na Wabamana wameeleza kwamba dume ni jua na jike ni ardhi, kwamba zigizaga za shingoni ni njia ya jua likisogea kaskazini na kusini mwaka mzima, na kwamba vazi la nyuzi ni maji. Jua, ardhi, maji: pungufu ya hapo mtama hauoti.

Ukiuziwa "jozi", zipime. Wawili waliotoka mkono mmoja hufanana ukataji wa macho, unene wa kitako, mpangilio wa matundu na namna pua ilivyomaliziwa. Wafanyabiashara wana mtindo wa kuoza maharusi wasiojuana, kwa sababu jozi huuzwa ghali kuliko moja na moja ukijumlisha.

Hatua ya 4: Mtindo na mahali

Kuna familia tatu. Ya kusimama, mwili mdogo na shingo na pembe zikipanda, hata kukaribia mita 1, huhusishwa na Ségou na nchi ya mashariki. Ya kulala, ambayo pembe hunyooka kwenda nyuma sambamba na mgongo, ni ya upande wa Bamako na Beledougou. Ya tatu ni ya kusini, Bougouni, Sikasso na Wassoulou. Ni fupi, wanyama wamepandana na kuyeyukiana hadi huwezi kusema mmoja anaishia wapi. Ngoma ya huko kusini huitwa sogonikun, na mdundo wake umeingia hata kwenye muziki wa Wassoulou, ule wa kina Oumou Sangaré.

Ramani hii isikulevye. Wachongaji walihama, wateja waliagiza kutoka mbali, na vijiji viliigana.

Ile ya kulala inastahili dakika za ziada, kwa sababu ina jambo lisilo la kawaida katika uchongaji wa Afrika. Mchongaji wa kwetu, iwe Mmakonde au Mbamana, kwa kawaida hutoa kazi nzima ndani ya gogo moja. Ciwara nyingi za kulala zina vipande viwili, kichwa na mwili, vilivyounganishwa shingoni kwa chuma au ngozi. Mulika pale. Chuma cha zamani kilichofuliwa hakina upana ulio sawa mwanzo hadi mwisho, na kutu yake imepenya na kuacha doa kwenye mbao inayokizunguka. Msumari wa dukani uliopakwa maji ya chumvi ili ushike kutu hauachi doa la namna hiyo. Kutu iko juu juu, na mbao pembeni ni safi.

Usishangae kwamba chuma kimeshughulikiwa kwa ustadi. Kwa Wabamana kuchonga mbao ni kazi ya wahunzi, numu. Aliyefua jembe ndiye aliyechonga ciwara.

Hatua ya 5: Rangi, harufu na pamba

Weusi wa kweli ni wa tabaka: mbao iliyounguzwa kijuujuu kwa chuma cha moto, ikapakwa mafuta (ya shea mara nyingi, ndugu wa yale yanayokamuliwa kaskazini mwa Uganda), ikakaa na moshi wa jikoni, ikashikwa. Kwa hiyo hauko sawa kila mahali. Pale palipoguswa na mikono pamelainika, ndani ya matundu ya shingo kuna vumbi lililoganda, na ncha za pembe na masikio zimechakaa.

Weusi wa haraka hutoka kwenye kopo. Lowesha pamba kidogo kwa mate, uisugue mahali pasipoonekana. Ikitoka na weusi wa mafuta, nusa: kiwi ya viatu ina harufu ambayo haijifichi. Harufu kali ya moshi pia si cheti cha uzee, maana kitu kilichofukizwa wiki iliyopita ndicho kinachonuka zaidi. Wengine huzika kazi mpya kwenye kichuguu ili mchwa wautafune ukingo, kisha huichimbua na kuiuza kwa machozi. Jiulize tu kama uharibifu uko mahali panapoeleweka. Mchwa hupanda kutoka chini kitu kikiwa kimesimama pembeni ya nyumba, na kamba hula matundu. Ukikuta pua imeliwa na mchwa na kitako kizima, omba upewe maelezo.

Vikorokoro kama kauri, shanga, vipande vya shaba na nyuzi nyekundu masikioni vilitumika kweli, lakini pia ndivyo rahisi kuongezwa dukani. Mimi sivipi uzito wowote mpaka nione kama vumbi lililo chini yake ni lile lile la pembeni.

Hatua ya 6: Mhoji muuzaji, kisha omba karatasi

Maswali mazuri ni madogo. Umeinunua kwa nani? Ilifika lini hapa? Mwenzake yuko wapi? Anayejua huanza kusimulia. Anayebuni hukimbilia "mfalme" na "miaka 300". Mbao laini kwenye nchi yenye mchwa na mvua haifiki huko kirahisi, na ciwara iliyochakaa ilibadilishwa na mpya bila msiba wowote.

Hapa niseme jambo ambalo wakusanyaji hawapendi kusikia. Ciwara mpya iliyochongwa kwa ajili ya soko la N'Golonina pale Bamako, ikauzwa kama mpya, si bandia. Ni kazi ya fundi aliye hai, na hela imemfikia. Bandia ni ile iliyovikwa umri wa uongo. Kama unataka kitu kizuri cha ukutani, nunua mpya, uliza jina la aliyechonga na uliandike.

Kama unataka ya zamani, fahamu kwamba Mali ina sheria ya kulinda urithi wake tangu 1985, na mkataba wa UNESCO wa 1970 unazungumzia hasa mali za aina hii zinazovushwa mpaka kinyemela. Dai risiti yenye maelezo kamili, historia ya wamiliki, na kibali cha kusafirisha kilichotolewa na mamlaka za urithi za Mali kama kilitoka huko karibuni. Jibu likiwa "usijali, tutapitisha", ondoka. Kwa kuivusha mpaka wowote, ulizia pia mapema masharti ya wakaguzi wa afya ya mimea, kwa sababu ya kile kinachofuata.

Hatua ya 7: Ichukulie kuwa ina wadudu

Kabla haijaingia sebuleni kwako, iweke juu ya karatasi nyeusi kwa wiki moja, mahali pasipo upepo. Vijirundo vya unga laini wenye rangi ya mbao changa vikitokea chini ya matundu madogo, bungua bado wako kazini na fenicha zako ndizo chakula kijacho.

Dawa ya kupuliza iache. Inatia madoa, inaua masalia ya thamani, na wewe ndiye utakayeivuta. Njia ya makumbusho ni baridi. Ifunge kwenye karatasi laini, kisha ndani ya mfuko wa plastiki uliotolewa hewa na kuzibwa vizuri kwa gundi ya utepe, uitie kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa, usifungue mfuko mpaka ipite siku nzima. Unyevu ugande nje ya plastiki, usigande kwenye mbao. Kama ina nyufa kubwa, ngozi au shanga nyingi, muone mtaalamu wa uhifadhi kwanza.

Hatua ya 8: Kuiweka na kuitunza

Usiipake mafuta. Usiipake vanishi. Vumbi litoe kwa brashi laini ya rangi, ukifuata mkato wa mbao. Iepushe na dirisha la jua na feni ya kiyoyozi, hasa kwa wanaoishi Mombasa, Zanzibar au Muscat, ambako mbao hunywa unyevu mlango ukiwa wazi na kukauka kiyoyozi kikiwashwa, mpaka shingo ipasuke penye matundu.

Usitoboe tundu jipya kwenye kitako ili uisimamishe. Mwambie fundi chuma akutengenezee kistendi chenye vidole viwili vinavyopenya kwenye matundu yaliyopo, avivike kitambaa. Urefu ninaoupendekeza ni kitako kuwa juu kidogo ya macho yako, kwa sababu ndivyo wanakijiji walivyomtazama pale mchezaji alipoinuka. Ya kulala iinamishe kidogo mbele.

Mwisho, ipige picha sita: mbele, nyuma, kila ubavu, juu na chini, futi ikionekana kwenye kila moja. Andika urefu, uzito, idadi ya matundu ya kitako, uliyenunua kwake na alichokuambia hata kama hukukiamini. Weka nakala moja ndani ya nyumba na nyingine nje yake. Ya chini ipige mara mbili, tochi ikiwa ubavuni, ili alama za tezo zionekane.